Ndege Isiyokamilika Juu ya Fuso: Arua Hadi Kajjansi

Mwambie dereva yeyote wa lori pale Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwamba una tani saba za muhogo mkavu za kupeleka Kampala. Hujamaliza kusema, ameshataja bei, gari na saa ya kuondoka. Mwambie una bawa la ndege ambalo watu wawili hulinyanyua bila kutoka jasho, atakutazama tu, halafu atakwambia, "Hiyo si kitu, tunatupia juu ya magunia." Hapo ndipo shida yote ilipo. Watu wa barabara wanaujua uzito. Wepesi hawaujui, na ndege ni wepesi mtupu.

Hii yangu ni Zenith CH 701, ndege ya viti viwili iliyobuniwa na mhandisi Chris Heintz miaka ya 1980. Vifaa vyake hutoka kiwandani Missouri, Marekani, kisha mnunuzi anaviunganisha mwenyewe kwa riveti, vipini vya chuma vya kubana mabati, nyumbani kwake, kwa muda wake. Imebuniwa kuruka na kutua kwenye kipande kifupi cha nyasi, na ikikamilika pamoja na injini haifiki kilo 300. Mabati yake mengi ni alumini yenye unene wa milimita 0.4 hivi. Ukiikandamiza kwa kidole gumba bila adabu, kidole kinaacha alama.

Aliyeianza alikuwa mgeni aliyefanya kazi West Nile, eneo la Arua, akahamishwa kabla hajaimaliza, nami nikainunua kwake. Mabawa yalikuwa yameshafungwa mabati yake, mkia umekwisha, kiwiliwili kimesimama kwenye magurudumu yake. Injini hakuna, nyaya hakuna. Ilikuwa imehifadhiwa katika ghala lililowahi kuwa la tumbaku, mali ya Hajji mmoja wa Kinubi ambaye hakuwahi kudai kodi, ila kila tukionana aliniuliza, "Mwanangu, huyu mbuni wenu ataruka lini?"

Arua ina uwanja wake wa ndege, lakini mimi naishi upande wa Kampala, na ndege ndogo za kibinafsi pamoja na mafundi wanaozijua ziko Kajjansi, kando ya barabara ya Entebbe. Kwa hiyo safari ilikuwa Arua, Nebbi, Pakwach, Karuma, Kigumba, Luweero, Bombo, Kampala, Kajjansi. Karibu kilomita 500, lami karibu njia nzima. Kabla ya kutaja siku ya kuondoka, ulizia hali ya daraja la Karuma. Ni daraja la miaka ya 1960, na mwaka 2024 lilifungwa kwa ukarabati, magari yakalazimika kuzunguka. Mzunguko wa lori la muhogo ni mafuta tu. Mzunguko wa ndege ni mitikisiko ambayo hukuipangia.

Nilianza na karatasi. West Nile imepakana na Kongo na Sudan Kusini, na lori lililofunikwa turubai likitoka huko halipiti bila kuulizwa. Ukijibu kwamba umebeba ndege, unaulizwa upya. Bahasha yangu ilikuwa na hati ya mauziano yenye shahidi, makaratasi ya forodha ya wakati vifaa vilipoingia nchini, orodha ya vipuri kutoka kiwandani, kitabu cha kumbukumbu za ujenzi pamoja na picha zake, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye muhuri. Barua hiyo ya mwenyekiti ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Mzee alikuja mwenyewe ghalani, akaizunguka ndege akiwa amefunga mikono nyuma, akagonga bati kwa ukucha, kisha akaandika: "mabati ya ndege, haijakamilika, haina injini." Maneno hayo mawili ya mwisho yalitufungulia vizuizi vyote. Kwenye kimoja wapo afande aliyasoma, akauliza, "Sasa inaruka?" Nikamjibu, "Haina injini, afande." Akasema, "Basi hiyo si ndege," akatupungia mkono tupite. Sikubishana naye.

Jambo jingine la karatasi ni bima. Bima ya mtu wa tatu ambayo kila lori linayo hailipi mzigo uliomo. Inabidi ununue bima ya mzigo safarini kivyake, na hakuna wakala atakayekuthaminia ndege nusu. Wangu alikubali pale nilipompa orodha ya vipuri, kila kimoja na bei yake.

Kutafuta lori kulinichosha kuliko kazi nyingine zote. Canter ni rahisi na zimejaa mjini, lakini sakafu yake ni fupi. Kiwiliwili cha CH 701, pua hadi mkia, kinazidi mita 6, na hata ukitoa vipande vya mkia bado kitachungulia nje ya Canter kikiwa na kitambaa chekundu, kikisubiri boda boda akigonge. Nikaamua Fuso. Pima sakafu kwa ndani, si urefu wa bodi kwa nje, kisha upime mlango wa nyuma, kwa maana nguzo za bawaba huibia upana. Magurudumu yangu ya nyuma yalipita kwa nafasi ya vidole. Pia uliza lori lilibeba nini mara ya mwisho. Mkojo wa ng'ombe, mbolea na chumvi ni maadui wa alumini. Tulilosha lori letu kwa sabuni, tukaliacha likauke siku nzima mbele ya ghala, dereva akiona tunampotezea muda.

Muda wa dereva ndio ulionifungua macho. Dereva anayelipwa kwa safari anapata faida kwa kukimbia. Kila saa anayookoa ni yake, na wewe kazi yako inakuwa kumwomba apunguze mwendo, maneno yasiyo na nguvu yoyote kwa mtu aliyeshika usukani usiku. Mimi nililipa kwa siku. Nikamwambia, "Kaka, ukifika kesho au kesho kutwa, hela yako iko palepale. Mwisho wako kilomita 60 kwa saa, na jua likizama tunalala." Akacheka, akasema hajawahi kulipwa kwa uvivu. Lakini alishika mwendo huo mpaka mwisho, hata utingo wake alipoanza kulalamika.

Sasa turudi kwenye wepesi. Springi za Fuso zimetengenezwa kwa ajili ya tani kadhaa. Likiwa tupu halilegei hata kidogo: kila tuta linarusha sakafu juu na kila kilichomo. Ndege yangu bila injini ilikuwa na kilo mia na kitu, yaani kwa lori ni kama haipo. Ukikodi Fuso kwa ajili ya ndege peke yake, umelipia lori zima ili likupigie ndege yako. Lazima liwekewe uzito mwingine chini, juu ya ekseli ya nyuma, ili springi zifanye kazi yake. Watu hutumia mifuko ya mchanga. Dereva wangu alikuwa na wazo bora zaidi, ingawa yeye alilitoa kwa ajili ya mfuko wake: apakie mzigo wa mtu mwingine, anipunguzie bei.

Pendekezo lake la kwanza lilikuwa makaa. Nilikataa hapo hapo, maana biashara ya makaa huku kaskazini imepigwa marufuku kwa amri ya rais tangu 2023, na lori likikamatwa na makaa, ndege nayo italala kituoni pamoja nayo. La pili lilikuwa samaki wa chumvi wa kuchukua Pakwach. Hapo nilimweleza kwa upole kwamba chumvi na unyevu hula alumini, na ulaji wenyewe huanzia ndani ya maungio usikoweza kuuona. Mwisho tukakubaliana muhogo mkavu, wa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka Kisenyi, mtaa wa Kampala, kwenye mashine za kusaga. Muhogo mkavu hauna chumvi, hauvuji, na gunia lake linalala vizuri. Akachangia shilingi laki saba kwenye milioni mbili na laki nne za lori. Tulikubaliana pia, kwa maandishi, kwamba ndege ishushwe kwanza. Magunia yakianza kushushwa Kisenyi, wapagazi watapita katikati ya mabawa, na kipande cha mwisho hadi Kajjansi kitakwenda na lori tupu.

Upakiaji tuliufanyia kwenye jukwaa la ghala, lililo karibu sawa na kimo cha sakafu ya lori. Magunia yalitangulia, safu moja, yamelazwa juu ya ekseli. Kisha mabawa. Tulitoa kwanza vibawa vidogo vya mbele na vya nyuma, kila kimoja kikafungwa blanketi lake. Bawa lenyewe halilazwi chali wala kifudifudi. Linasimamishwa kwa ukingo wake wa mbele, ulio mviringo na imara, ndani ya fremu ya mbao, likiwa limebebwa na mikanda mipana ya zulia iliyokaa sawasawa chini ya mbavu, mahali penye safu za riveti. Mzigo ukibebwa na bati lisilo na ubavu nyuma yake, bati litabonyea tu. Mazulia tulipewa bure na Hajji: msikiti ulikuwa umebadilisha ya zamani. Yalikuwa mazito na laini, yanafaa kabisa, isipokuwa yalijaa vumbi na mchanga wa miaka. Chembe za mchanga kati ya zulia na alumini kwa kilomita 500 ni msasa. Tukayapiga, tukayafua, tukayaanika, ndipo yakatumika.

Kiwiliwili kilituletea jambo ambalo kila mwenye ndege ya gurudumu la pua atalikuta: bila injini mbele, uzito unarudi nyuma na ndege inakalia mkia. Ukiisukuma tu ndani na kuifunga magurudumu, mkia utapiga sakafu kwenye tuta la kwanza. Tulijenga farasi wa mbao mwenye sponji, akaegemeza mkia palipo na fremu ya ndani, na mkia ukapita juu ya magunia bila kuyagusa. Magurudumu yakazuiwa kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa sakafuni. Tulifunga kwenye vyuma tu: miguu ya magurudumu, pembe zinazoshika injini, na maungio ya mabawa kwenye fremu ya chuma ya chumba cha rubani. Mkanda haukupita juu ya bati hata mmoja.

Vijana wa kupakia walikuja na mipira ya tyubu, ile tunayofungia kila kitu nyuma ya boda boda. Ni imara, lakini inavutika, na kitu kinachovutika kinaipa ndege ruhusa ya kucheza. Kila kuchezacheza ni msuguano mdogo, na msuguano mdogo ukirudiwa mara elfu hutoboa bati. Tukatumia mikanda bapa yenye kikazio cha chuma. Nayo ina hatari yake, kwa kuwa ina nguvu ya kupinda mguu wa ndege. Kaza mpaka isitikisike, si mpaka ilie.

Kwa hao vijana nilibandika pia tepe za rangi: kijani mahali pa kushika, nyekundu mahali pa kutogusa. Ilisaidia kuliko kelele zangu. Wanaona kitu chepesi, mikono inashika popote. Boliti, kebo na vipuri vidogo, kila mfuko na jina lake, nilikaa navyo mimi ndani ya kabini. Boliti ya ndege ikidondoka Nakasongola, duka la vifaa la Luweero halitakuuzia nyingine.

Tuliondoka alfajiri. Nebbi tulisimama na nikapanda nyuma kukagua. Mikanda yote ilikuwa imelegea. Magunia ya muhogo yalikuwa yamejishindilia, farasi wa mbao akakaa chini kidogo, na kila mkanda ukapata uhuru. Nikakaza. Pakwach nikakaza tena, kidogo safari hii. Baada ya hapo haikulegea. Kwa hiyo saa za mwanzo ndizo za kusimama mara kwa mara.

Daraja la Pakwach tulilivuka polepole, dereva akitazama samaki kwa huzuni. Kutoka hapo barabara inapakana na mbuga ya Murchison Falls, na tembo huvuka wanapotaka. Ndiyo sababu nyingine ya kutopita usiku: breki ya ghafla huhamisha mzigo kuliko tuta.

Tembo hatukuwaona. Tuliyekutana naye ni nyani wa Karuma. Nyani wa pale wamezoea kulishwa na wasafiri, na lori linalopunguza mwendo kwao ni duka linalofunguliwa. Mmoja aliruka juu ya turubai akifuata harufu ya muhogo, utingo akapiga kelele, nyani akashuka akiwa ameng'ang'ania turubai, likapasuka kona nzima. Turubai lenyewe tulikuwa tumelikodi, la zamani, limechakaa kuliko nilivyoahidiwa. Mpasuko haukuonekana mkubwa. Lakini upepo uliingia, na turubai likaanza kupigapiga. Tulipolala Bweyale nilikuta kona ya turubai, yenye tundu la chuma, imekuwa ikipiga bati la usukani wa mkia tangu Karuma. Vishimo vya kubonyea vimejipanga mstari. Turubai lililolegea ni nyundo. Tangu hapo tulilifunga kwa kamba nyingi nyembamba kuvuka juu, na tukapandisha mbao katikati ili lisiguse ndege popote. Anayepakia ndege afanye hivyo kabla ya kuondoka, na atafute turubai lake mwenyewe. Bei ya turubai jipya ni ndogo kuliko bei ya bati moja kutoka Missouri.

Kutoka Bweyale hadi Luweero kazi ilikuwa matuta. Kila kituo cha biashara kina yake, mengine yana rangi, mengine yamefifia. Utingo alikaa mbele akiyahesabu kwa sauti, dereva akiyapanda gurudumu kwa gurudumu. Kwenye mizani tulipita bila swali, kwani muhogo ulikuwa chini ya kiwango. Nyama ya Migeera tulikula, rolex ya Wobulenzi, chapati iliyoviringishwa na mayai, tukala pia. Mwendo wa kilomita 60 unaleta njaa.

Kampala usiiingie jioni. Tulisubiri Bombo msongamano upungue, tukapita barabara ya mzunguko ya kaskazini hadi Busega, kisha njia ya kulipia mpaka Kajjansi. Ada ni ndogo, na lami yake haina tuta hata moja. Ndiyo sehemu pekee ya safari niliyoweza kusinzia.

Kajjansi hakukuwa na jukwaa. Fikiria kushusha siku ileile unayofikiria kupakia, maana sakafu ya Fuso iko kifuani na ndege haina mahali pa kuinamishia. Tulirudisha lori nyuma kwenye ukingo wa udongo, tukaweka mbao mbili nene, na vijana wanane wakaishusha wakifuata tepe za kijani. Mtu mmoja tu alitoa amri. Wakiwa wawili, upande mmoja hunyanyua wakati mwingine unashusha. Kisha lori likaenda zake Kisenyi na muhogo wa watu.

Jumla, ukiondoa mchango wa mwenye muhogo, ilinigharimu shilingi milioni tatu na ushee: lori, mbao, sponji, mikanda, bima, chakula, malazi ya watu watatu, na posho za vijana wa pande zote mbili. Mbao za fremu sikuzitupa. Zimekuwa meza ya kazi.

Fundi hakugusa kitu mpaka ameona kitabu cha kumbukumbu, na akataka safari yenyewe iandikwe humo: tarehe, njia, jinsi ilivyofungwa, kilichoharibika. Kisha akachukua tochi na kitambaa cheupe, akapita riveti moja moja. Alikuwa anatafuta vumbi jeusi. Riveti iliyolegea husugua tundu lake, na alumini inayosagika huacha mzunguko mweusi kuizunguka, wakati mwingine na mkia mdogo kuelekea chini. Kwenye mabawa hakupata kitu. Chini ya mkia, pale farasi wa mbao aliposhika, alipata chache. Zilitobolewa zikatolewa, na palipopanuka tundu zikawekwa za kipimo kinachofuata, kutoka milimita 3.2 kwenda 4. Bati la usukani wa mkia alilipapasa, akasema vishimo vile havina madhara kwa nguvu ya bati lakini havitoki. Vitabaki vilivyo hadi siku ya rangi, na hata baada ya rangi vitaonekana.